Moto Ubavuni mwa Bibi

Nilipokuwa mtoto, kosa kubwa kuliko kuvunja chungu nyumbani kwetu Kawajense lilikuwa kujionyeshea. Kujionyeshea ni hivi: umeona jipu la mtu, unataka kusimulia lilipo, unagusa mwili wako mwenyewe na kusema, "Lilikuwa hapa." Basi, umeshaliita. Kesho au keshokutwa litaota palepale ulipogusa. Dawa yake ilikuwa kutemea kidole mate haraka na kukifuta chini, lakini hata hiyo Bibi aliona ni ya kubahatisha. Ndiyo maana watu wa kwetu wakisimulia magonjwa ungedhani wanapiga ramli. Huyu anapapasa mlango, yule amemkamata mbuzi paja. Nakumbuka Baba akieleza jino lililomsumbua rafiki yake kwa kutumia mdomo wa birika, na hakuna aliyecheka. Birika haliugui.

Sasa nina shahada mbili. Mwezi uliopita mwenzangu kazini alinieleza uvimbe wa dada yake huku akijigusa shingo, na kabla sijafikiri mkono wangu uliruka ukamshika kifundo cha mkono. Akanikodolea macho. Nikamwambia nilikuwa namfukuza mbu. Mimi, ninayejigamba kwamba sipendi unafiki.

Bibi, mama yake Baba, alikuja kukaa nasi nikiwa darasa la tatu. Kabla ya hapo aliishi porini kwa baba mdogo Masanja, kwenye ng'ombe, huko ambako ndugu zetu Wasukuma walihamia na mifugo kutoka kaskazini wakitafuta majani. Aliletwa mjini kwa sababu alikuwa anaumwa, ila ugonjwa wenyewe hakuna aliyeweza kuuona. Hakuwa na homa. Hakuwa na uvimbe. Alikula vizuri tu, na asubuhi alikuwa wa kwanza kufagia uwanja. Ila hakuvumilia nguo imguse ubavu wa kushoto. Alitembea akiwa ameishika kanga kwa vidole viwili, ameivuta mbali na ngozi, kama mtu aliyebeba kuku kwapani na anaogopa kumnyonga. Upepo ukivuma kutoka upande ule aligeuka, akaupa mgongo.

Hilo lilinichanganya kuliko hesabu za mafungu. Bibi aliweza kubeba ndoo ya lita ishirini kichwani kutoka bombani bila kupumzika. Shuka likimgusa, alipiga kelele. Sasa ndoo na shuka, kipi kizito? Niliwahi kumgusa kwa bahati mbaya na unyoya wa kuku niliokuwa nachezea, akaruka kama amechomwa na kijinga cha moto. Kesho yake nikamkanyaga kidole cha mguu kwa viatu vya shule, akasema tu, "Angalia njia, mayu." Mayu ni mama. Ndivyo alivyoniita, kwa heshima kabisa, na mimi nina miaka tisa.

"Bibi, ni kitu gani hicho?" nilimuuliza siku moja nikimsaidia kufunga kanga.

"Moto," alisema. "Halafu siafu. Halafu kuna mtu ananishona bila ganzi."

"Vyote?"

"Kwa zamu."

Tulizungumza Kisukuma. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji na kufukuzia watoto. Mama yangu naye ni Mbende wa Karema, ziwani, na Kisukuma chake kiliishia kwenye salamu. Wakiamka waliambiana "Mwangaluka", "Mwangaluka", kisha basi mpaka kesho. Baba ndiye alikuwa daraja lao, lakini Baba alikuwa mchuuzi wa ng'ombe, leo mnada huu, kesho ule. Akiondoka, daraja ni mimi. Na mimi, nikiri tu, nilikuwa daraja lenye mapengo. Mama aliposema, "Mwambie bibi yako aache kudeka, tuna kazi," nilimwambia Bibi, "Mama anasema pole."

Maana Mama aliamini kabisa kwamba Bibi anadeka. Simlaumu sana. Alikuwa amelelewa na watu wanaouma kanga wakati wa kujifungua ili jirani asisikie. Kwake yeye, maumivu yana sura: damu, usaha, mfupa uliochomoza. Yasiyo na sura ni tabia.

Ingeishia hapo kwenye kununiana, kama si baba mdogo Masanja. Alikuja Jumapili na baiskeli yake, akamkuta mama yake yuko vilevile alivyomleta. Akanywa uji, akaweka bakuli chini.

"Nyie mmekaa naye miezi miwili," alimwambia Baba. "Mmempa nini?"

"Panadoli. Na dawa ya kuchua."

"Mtu hana kidonda, anaungua. Unajua hiyo ni nini, kaka. Usijifanye mtu wa mjini." Akavuta pumzi. "Mpelekeni hospitali. Wakikosa ugonjwa, nakuja kumchukua nimpeleke kwa mtaalamu. Naye atatuambia ni nani."

Aliposema "ni nani", hakumtazama mtu. Alitazama jikoni. Mle jikoni alikuwamo Mama, anakaanga migebuka.

Nilikuwa mtoto lakini si mjinga. Mtaani kwetu kulikuwa na mke wa fundi baiskeli, mwanamke mpole anayetupa maandazi yaliyoungua, aliyetajwa na mtaalamu kuwa mchawi mwaka uliotangulia. Hakupigwa, hakushtakiwa. Alirudishwa kwao tu, yeye na godoro lake, na watoto wakabaki. Wataalamu wale, nilivyokuja kugundua, huwa hawaoni mbali sana. Wanayemuona ni mkwe, jirani, au mke mwenza. Na nyumbani kwetu mkwe alikuwa mmoja, wa kabila lingine, asiyeongea na mgonjwa. Hata mimi ningemtaja.

Siku ile samaki waliungua. Mama alikwangua kikaango, akakwangua mpaka nikaogopa kitatoboka.

Kwa hiyo tulipokwenda kwenye kituo cha afya, nilikwenda na kazi moja kichwani: daktari lazima aandike ugonjwa. Wowote. Baba alikuwa mnadani. Mama alitusindikiza, lakini Bibi alisema mkwe hawezi kuona kifua chake, kwa hiyo Mama akabaki kwenye benchi. Tukaingia wawili. Daktari alikuwa mwanaume wa makamo, macho mekundu ya usingizi, na foleni nyuma yetu ilikuwa inafika nje kwenye mti wa mwarobaini.

"Anaumwa wapi?"

Nikatafsiri. Bibi akasema, "Mwambie wewe. Mimi sivui nguo mbele ya mwanaume."

"Haya, nionyeshe wewe basi," daktari akaniambia. "Wapi?"

Hapo ndipo nilipokwama. Nionyeshe wapi? Kwangu hapana, nilishaonywa tangu natambaa. Kwa daktari mwenyewe? Nilimnyooshea kidole ubavuni, akarudi nyuma na kiti chake. "Wewe mtoto, nimekuuliza bibi yako." Ukutani kulikuwa na bango la mama anayenyonyesha. Nikaenda, nikamgusa yule mama ubavu wa kushoto. Bahati mbaya hapohapo ndipo kichwa cha mtoto wake kilipokuwa kimelala.

"Titi?"

"Hapana."

"Kifua?"

Nikafikiri. Mbavu ziko kifuani, si ndiyo? Shuleni mchoro ulionyesha hivyo. "Ndiyo."

"Anakohoa?"

Nikamuuliza Bibi. Bibi, aliyepikia kuni maisha yake yote, akaniuliza, "Nani asiyekohoa?"

"Anasema ndiyo," nikamwambia daktari.

"Tangu lini?"

"Tangu mahindi yalipotoa ndevu."

Daktari akahesabu kimoyomoyo, akaandika, akatupa vikopo vya plastiki vya kutemea makohozi. Nilitoka nje nina furaha isiyosemeka. Nikamwambia Mama, "Wameupata! Ana kifua kikuu!" Mama akajishika kichwa. Watu kwenye benchi wakasogea, wote kwa pamoja, kama benchi limeinamishwa.

Majibu yalitoka baada ya siku chache: hakuna kitu. Kwa baba mdogo Masanja habari ilifika ikiwa fupi zaidi: hospitali wamepima, Bibi haumwi. Akatuma mtu kusema atakuja Jumamosi.

Siku hizo Mama aliacha kununa, na hilo lilinitisha zaidi. Alianza kukunja nguo zake. Hakuzifunga, alizikunja tu, akazipanga vizuri juu ya sanduku kama mtu anayefanya usafi. Alhamisi jioni aliniita, akaninyoosha kola ya sare, akaniambia nimsikilize sana shangazi yangu endapo atakuja kukaa nasi. "Kwani wewe unaenda wapi?" nikamuuliza. "Siendi popote," alisema. "Nasema tu."

Ijumaa sikuingia darasani. Nilimshika Bibi mkono, nikamwambia daktari anamtaka tena, ambao ulikuwa uongo, na Mama alipotuona tunatoka akatufuata bila kuuliza. Tulikaa kwenye foleni mpaka saa sita, Mama akabaki tena kwenye benchi. Yule daktari alitukumbuka.

"Kifua kiko safi," alisema. "Mwambieni aendelee na panadoli."

"Si kifua," nilisema.

"Wewe si ndiye uliyeniambia kifua?"

Nikamtazama Bibi. Nikatazama bango. Kisha nikaweka kidole changu mwenyewe mgongoni, karibu na uti, nikakivuta juu ya sweta ya shule kuzunguka ubavu wa kushoto, chini ya ziwa ambalo bado sikuwa nalo, mpaka mbele katikati ya kifua, nikasimama. Ndivyo Bibi alivyokuwa akinionyesha nikimfunga kanga. "Moto unaanzia hapa," nikasema, "unapita hapa, unaishia hapa. Hauvuki."

Nyuma yangu Bibi aliguna. Si kwa maumivu yake. Alinidaka mkono, akakitemea kidole changu mate, akakisugua kwenye sakafu ya saruji mpaka kikachubuka. Daktari alikuwa amesimama.

"Alipata vipele? Vyenye maji? Palepale?"

Nikatafsiri. Bibi akasema kwa sauti ndogo kwamba ndiyo, kule kwenye ng'ombe, na alivificha chini ya kanga akavipaka majivu mpaka vikakauka.

"Alivificha kwa nini?"

Mimi wakati ule sikuelewa kwa nini. Leo naelewa. Vipele vile vilikuwa mkanda wa jeshi, na miaka ile watu wakiuona kwa mtu walikuwa wameshamzika. Walisema ni dalili ya ule ugonjwa, na mjane wa miaka mingi angeanza vipi kujieleza? Baadaye alipimwa Ukimwi, hakuwa nao. Na kama angekuwa nao, ubavu ungeungua vilevile.

Daktari alimwita nesi, wakavuta pazia, na nesi akasema kutoka ndani, "Makovu yapo, daktari. Mstari mzima." Alisema kama mtu aliyeokota shilingi. Kisha daktari akaniuliza swali ambalo nimekuja kuulizwa mwenyewe mara nyingi ukubwani, na sijawahi kulijibu vizuri. "Muulize bibi: kama sifuri ni hakuna maumivu, na kumi ni maumivu makubwa kuliko yote, ya kwake ni ngapi?"

"Kumi ni ya nani?" Bibi akauliza.

"Ni makubwa kuliko yote."

"Nimezaa tisa, nimezika wanne. Anataka makubwa yapi?" Akanitazama, akatazama kidole changu kilichochubuka. "Mwambie tatu."

Nikamwambia daktari tisa. Nilipunguza moja ili nisionekane natia chumvi.

Alitueleza kwa subira ambayo sikuitegemea. Alisema vidonda vimepona lakini mshipa wa fahamu uliokuwa chini yake umeharibika, na mshipa ulioharibika unapiga kelele hata pasipo na jambo. Ukiguswa na shuka unasema nimeguswa na moto. Kuna maumivu ya kukulinda, alisema, kama ukikanyaga mwiba. Na kuna maumivu yaliyobaki kazini baada ya kazi kwisha. Panadoli haiyajui hayo. Kisukuma changu hakikuwa na mshipa wa fahamu. Nilimwambia Bibi, "Anasema vidonda vilipoondoka vilisahau moto ndani." Bibi akacheka, cheko la kwanza tangu aje mjini. "Sasa huyu ni mtu," alisema.

Tulipewa vidonge vidogo, kimoja kila jioni. "Watu watawaambia hii ni dawa ya wagonjwa wa akili," daktari alisema. "Ni kweli hata wao wanapewa. Yeye si kichaa. Asiiache."

Jumamosi baba mdogo Masanja alikuja. Alisomewa cheti, akakigeuza juu chini, akachukua kile kipakiti akaenda nacho duka la dawa. Akarudi anatweta.

"Hii ni ya vichaa! Kaka hayupo, nyie mnampa mama yangu dawa ya vichaa?"

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Shemeji," alisema, "mama yako alikuwa na mkanda wa jeshi kwako. Kwenye nyumba yako. Ulikaa naye mwezi mzima hukuuona. Sasa nikuulize, mtaalamu wako angemtaja nani?"

Nikamtafsiria Bibi, na hiyo ndiyo tafsiri pekee ya utotoni mwangu ambayo sikuongeza wala kupunguza neno. Bibi alimwambia mwanawe kitu kimoja tu: "Nenda kwa ng'ombe." Akaenda. Hakuna aliyetajwa, wala sanduku halikufunguliwa.

Jioni ile Mama alichukua gauni la Bibi, akafumua mshono wa upande wa kushoto kuanzia kwapani mpaka kiunoni, akakunja kingo ili kitambaa kisiguse ngozi. Akamvisha mwenyewe. Bibi alimwacha aone. Hawakuwa na lugha, kwa hiyo hawakusema kitu, na mimi sikuitwa.

Ningependa kumalizia hapo. Ni mahali pazuri, na watu hupenda kusikia hivyo. Lakini siku tatu baada ya mimi kujionyeshea, ubavu wangu wa kushoto ulianza kuwaka.

Sijui ilikuwa nini. Nimesoma, najua kwamba hofu inaweza kuamsha maumivu ya kweli, na kwamba maumivu yaliyoamshwa na hofu hayaumi kwa mzaha. Najua pia kwamba sweta ile ilikuwa mpya na ya manyoya makali. Yote mawili nayaamini, na hakuna hata moja linaloniridhisha. Wakati ule nilijua jambo moja tu: nikisema, Bibi atajua ni yeye aliyenipa, na Mama atapatwa tena na Jumamosi nyingine. Nikanyamaza. Nikaanza kutembea nimevuta sweta kwa vidole viwili.

Bibi alinitazama siku mbili. Ya tatu aliniita.

"Mayu, umekuja?"

"Nini?"

"Moto."

"Hapana, Bibi."

"Inua mkono."

Nikainua. Sweta ikapanda, ikanikwangua ubavu mzima. Nilitabasamu kwa nguvu zangu zote. Bibi alinitazama sana, akasema, "Haya. Nenda shule."

Asubuhi iliyofuata, kwenye chai, alitangaza kwamba amepona. Alimwambia Mama kwa Kiswahili chake, neno lenyewe akiwa amelifanyia mazoezi: "Nimepona." Akamtaka ashone tena gauni. Akarudisha vidonge vilivyobaki, akisema visipotee bure, apewe mwingine. Baba aliporudi alichinja kuku. Baba mdogo Masanja akawa anawaambia watu minadani kwamba dawa ya vichaa ni kiboko. Na moto wangu, siku ileile au kesho yake, ukaondoka. Nilijua kwa hakika kabisa, kama watoto wanavyojua, kwamba ameuchukua.

Aliishi miaka sita zaidi, amevaa magauni yaliyofungwa kila mahali, anafagia uwanja asubuhi. Nilipofika chuo kikuu nilikuta kitabu kinachosema maumivu ya aina ile hayaondoki kwa wiki moja ya vidonge, si kwa mtu wa umri wake. Yanaweza kupungua. Yanaweza kukaa miaka. Nilisoma ukurasa ule nimesimama maktaba, nikajaribu kumkumbuka: je, upepo ukivuma, aligeuka? Sikumbuki. Sikuwa natazama tena.

Mama anasema alipona. Baba naye anasema alipona, alijisemea mwenyewe. Daktari, kama yuko hai, bila shaka alimwandika kuwa ni mgonjwa asiyerudi, na asiyerudi kwa kawaida huhesabiwa amepona. Bibi alikuwa na mtu mmoja tu wa kumtafsiria, katika nyumba nzima, na mtu huyo alilala chumba kimoja naye miaka sita bila kumuuliza hata mara moja kama bado inauma, kwa kuogopa asije akajibu.